Muhogo Mgeni Huulizwa Jina



Wasomaji wetu watukufu, mabwana na mabibi, na khasa nyinyi vijana mlioanza nyumba karibuni: safu yetu ya mwezi huu yaingia jikoni. Asistaajabu mtu kuona mwalimu wa chuo ameweka ubao kando akanena khabari za chungu na mwiko. Kumlisha mtu ni amana, na aliyepewa amana yampasa kuijua. Nasi twataka kusema juu ya chakula kimoja ambacho karibu kila mtu hudhani akijua, nacho ni muhogo.

Hapa kwetu Buzwagi, kando ya mji wa Kahama, watu wametoka kila upande. Mgodi ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2009 walikuja watu wa pwani na watu wa Ziwa, wa kusini na wa magharibi. Na ulipofungwa mwaka 2021 wengi hawakurudi walikotoka, kwani walikwisha kujenga, kuoa na kuzaa. Kila mmoja alikuja na mapishi ya kwao. Wenyeji wetu Wasukuma wana viazi vitamu vyao, ambavyo hukatwa vibichi na kuanikwa vikaitwa michembe, au huchemshwa kwanza kisha vikaanikwa vikaitwa matobolwa. Mtu wa pwani naye ana muhogo wake wa kuchemsha, wa kuchoma, na wa nazi ambao bila ya huo futari yake haijatimia. Na mtu wa Ziwa ana udaga, yaani muhogo uliovundikwa, ukakaushwa, ukasagwa, ukasongwa ugali.

Basi hapo ndipo penye mtego. Wote hao hutamka neno moja, “muhogo”, na kila mmoja anakusudia kitu chake. Muhogo wa mmoja huliwa siku ile ile uliyong'olewa. Muhogo wa mwingine, ukiliwa siku ile ile, huweza kuua. Kwa macho huwezi kuutenga huu na ule: ganda ni lile lile la hudhurungi na nyama ni ile ile nyeupe.

Katika mtaa mmoja wa hapa kwetu alikuwapo bibi arusi kijana aliyeolewa kutoka pwani. Jioni moja ya Ramadhani alinunua muhogo kwa mpita njia, akauleta uani, akawa anaumenya kwa furaha. Jirani yake, mama mtu mzima wa Kisukuma, akapita akasimama.

“Shikamoo, bibi,” akasema yule kijana.

“Marahaba, mwanangu. Muhogo huu umeupata wapi?”

“Kwa mama mmoja aliyepita na kapu. Nataka kumpikia bwana futari ya nazi.”

“Alikwambia kuwa ni wa kuchemsha?”

“Sikumwuliza, bibi. Kwani muhogo si muhogo tu?”

Yule mama akainama, akakata kipande chembamba, akakigusisha ulimini, akakitema. “La, mwanangu,” akasema. “Huu hauingii katika chungu mpaka kwanza uingie katika maji, ukae huko siku tatu. Leo mpikie bwana viazi. Huu tutauvundika mimi na wewe, na Ijumaa nitakufundisha kuusonga.”

Angalieni adabu ya mama yule. Hakucheka, wala hakwenda kuueneza mtaani ujinga wa mgeni. Na angalieni adabu ya kijana, kwani aliweka kisu chini akasikiliza. Lau mmoja wao angekuwa na kiburi, nyumba ile ingepata msiba.

Huenda msomaji akauliza: je, ni kweli, au ni khofu za wazee? Ni kweli, na wataalamu wameipima. Ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini. Kikiwa peke yake hukaa kimya. Lakini muhogo ukikatwa, ukitwangwa au ukilainika, hukutana na kimeng'enya kilichomo ndani ya muhogo huo huo, na kukutana kwao huzaa sayanidi, ambayo ni sumu kali. Mmea umejiwekea silaha hiyo ujikinge na wadudu na wanyama. Muhogo mtamu una kidogo, na mwingi wake umo katika ganda. Muhogo mchungu unayo hata ndani ya nyama yake. Tena ukame ukizidi, sumu nayo huzidi, hata shamba ambalo mwaka jana lilitoa muhogo mpole, mwaka huu laweza kutoa mkali.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Watu hudhani kwamba moto huondoa kila ubaya, na kwamba kitu kikichemka sana kimesafika. Kwa muhogo mchungu sivyo. Moto hukiua kile kimeng'enya upesi, lakini linamarini huistahimili, ikabaki ndani ya kipande, ikaliwa, na sumu yake ikatokea tumboni. Maji na siku ndivyo viondoavyo. Muhogo uliolowekwa hulainika, vitu vile viwili hukutana vyote, sayanidi hutoka, nyengine ikayeyuka katika maji na nyengine ikapaa hewani wakati wa kukausha, kwani ni sumu nyepesi irukayo kwa joto dogo tu. Basi wazee wetu, ambao hawakupata kusikia jina la linamarini, walikuwa na dawa yake mikononi. Siku tatu za maji si desturi tupu. Ni sehemu ya mapishi kama moto ulivyo sehemu ya mapishi.

Tena yafaa kukumbuka kwamba muhogo si mwenyeji wa bara letu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioupakia majahazini mwao katika karne ya 16 wakauleta Afrika. Kule kwao wenyeji walikuwa wamekwisha kujua kuukuna, kuukamua na kuuoka hata sumu itoke. Wahenga wetu waliupokea mti mgeni, wakaujaribu, wakajifunza, pengine kwa hasara, mpaka wakapata njia zao za kuloweka, kurundika, kukausha na kutwanga. Baadaye serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha watu wa Tanganyika kupanda muhogo uwe akiba ya njaa, kwani hustahimili jua na hukaa ardhini hata miaka miwili ukimngoja mwenyewe. Mti husafiri upesi. Elimu yake husafiri polepole, kwa mdomo, kutoka kwa bibi hata kwa mjukuu. Na pale ambapo mti umefika na elimu haijafika, au elimu ilikuwapo ikaachwa kwa haraka, ndipo pafikapo maafa.

Khabari za maafa hayo zimeandikwa. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa alioukuta katika nchi ya Kwango huko Kongo, ambao Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima, akaamka miguu imekakamaa, na hali hiyo haimwachi tena maisha yake yote. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walipatwa na maradhi hayo hayo, wengi wao wanawake na watoto. Wala msidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 1985 yalitokea Tarime, katika mkoa wa Mara, upande huu huu wa Ziwa letu, na zaidi ya watu 30 wakalemaa. Nampula na Tarime sababu ilikuwa moja: ukame uliua mazao mengine, ukabaki muhogo mchungu, na mwenye njaa hakuweza kungoja siku zake zitimie.

Na si konzo tu, ambayo huja baada ya wiki nyingi za kula muhogo usiosafishwa vema. Iko sumu ya papo hapo. Mwezi wa Septemba mwaka 2017, katika wilaya ya Kasese, Uganda, watu walikusanyika mazishini, wakapikiwa chakula cha unga wa muhogo. Unga ule ulikuwa na sumu nyingi. Jumla ya watu 98 waliugua katika wilaya ile, na wawili wakafa. Fikirini, ndugu zangu: watu walikwenda kuzika, wakarudi na wagonjwa. Na waliopika hawakukusudia ila ukarimu.

Sasa tuje katika kazi yenyewe, ili kila nyumba ipate la kushika.

Kwanza, uliza. Ukinunua muhogo mbichi, mwulize muuzaji maneno matatu: Unaitwaje mbegu hii? Nyinyi wenyewe mwaulaje? Umeng'olewa lini? Asiyejua kujibu, usinunue kwake. Wala usitosheke na jibu la “ni mzuri tu”, maana hata ule mchungu ni mzuri kwa udaga. Muhogo mbichi haukai. Baada ya siku mbili au tatu huanza kupiga mistari ya buluu na nyeusi ndani, na huo si wa kupika.

Pili, onja kwa tahadhari. Menya, kata kipande kidogo kama ukucha, kiguse kwa ncha ya ulimi, kisha kiteme. Ukikuta uchungu, usiuchemshe kamwe. Lakini jueni kwamba ulimi ni shahidi, si kadhi. Uchungu ni dalili njema ya kuukataa muhogo, ila utamu wa kipande kimoja si hoja ya kutosha kuukubali muhogo usiojua unakotoka. Ndiyo maana kuuliza kumetangulia kuonja.

Tatu, muhogo mtamu. Huu ndio wa kuchemsha. Menya ganda lote, la nje na lile nene la ndani lenye rangi ya waridi au nyeupe. Usibanie, kwani humo ndimo penye sumu zaidi. Pasua, toa uzi wa katikati, kata vipande vidogo, osha. Utie katika maji mengi, uchemshe chungu kikiwa wazi mpaka ulainike, kisha mwaga maji yale. Mwenye nazi na atie tui jepesi kwanza pamoja na kitunguu na chumvi, na tui zito mwisho, moto ukiwa mdogo. Huku kwetu nazi husafiri safari ndefu na bei yake husafiri nayo. Basi karanga zafaa sana. Kwa kilo moja ya muhogo, kaanga kikombe kimoja cha karanga, zitwange laini, zikoroge kwa maji ya moto, uzimimine juu ya muhogo uliokwisha kuiva pamoja na nyanya na kitunguu, uache vitokote dakika 10 huku ukikoroga usije ukashika chini. Mtu wa pwani akionja atasema si wa kwao, kisha ataomba tena.

Nne, muhogo mchungu. Menya, kata vipande, osha, utie katika pipa au ndoo ya maji safi, uufunike. Uache siku tatu kamili. Nyakati za baridi uache nne au tano. Alama yake ni kidole, si kalenda: ukibonyeza kipande kikavunjika kama mkate uliolowa, umekuwa tayari, ukiwa bado na ugumu, uache. Maji yale humwagwa mbali, wala wasinyweshwe mbuzi wala kuku. Kamua, vunja vunja, anika juani juu ya mkeka safi mpaka ukauke kabisa, kisha twanga au peleka mashineni. Wengine hawaloweki bali hurundika na kufunika kwa majani au magunia mpaka ulainike. Hiyo nayo ni njia ya wazee, lakini ina ustadi wake, na yafaa kujifunza kwa mtu aifanyaye, si kwa maandishi. Kuanika peke yake, bila kuloweka wala kuvundika, hakutoshi kwa muhogo mchungu.

Ugali wake ni mwepesi kuliko mnavyodhani. Maji yachemke, tia unga kidogo kidogo, songa kwa nguvu mpaka uvutike na kung'aa. Asiyeuzoea na aanze kwa kuchanganya vikombe viwili vya unga wa mahindi na kimoja cha udaga, kisha azidishe kadiri ulimi unavyokubali. Harufu yake ya kuvunda itamshangaza mgeni siku ya kwanza. Siku ya tatu ataitafuta.

Tano, unga wa dukani usioujua. Hili ndilo la zama zetu, kwani wengi hatuuoni tena muhogo, twauona unga tu katika mfuko. Kipimo kilichowekwa na mashirika ya dunia ya chakula na afya ni kwamba kilo moja ya unga wa muhogo isizidi miligramu 10 za sayanidi. Nani nyumbani ana mizani ya kupimia hilo? Lakini iko njia rahisi, ambayo mwanachuoni wa Australia, Howard Bradbury, aliieneza. Tia unga katika bakuli, weka alama pale ulipofika. Tia maji huku ukikoroga; unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukirudi katika alama ile, acha kutia maji. Utandaze juu ya sinia au mkeka kwa wembamba usiozidi unene wa kidole, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu ipae. Kisha upike siku ile ile. Njia hiyo ilifundishwa kwa kina mama wa Popokabaka, huko Kwango ambako Trolli aliikuta konzo, na tangu mwaka 2010 imesaidia kuizuia katika vijiji walivyoifuata. Haitaki fedha, yataka saa chache tu.

Sita, usile muhogo peke yake. Mwili una uwezo wa kuigeuza sayanidi kidogo ikatoka na mkojo, lakini kwa kazi hiyo wahitaji protini. Basi udaga uandamane na dagaa, samaki, maharage, maziwa au mayai. Si anasa, ni kinga. Walioumizwa zaidi na konzo ni wale waliokula muhogo siku nenda siku rudi bila kitoweo. Na kisamvu nacho, ambacho ni jani la mti huo huo, hutwangwa vema na kuchemshwa kwa muda mrefu. Asikipike mtu kama mchicha.

Na ikiwa baada ya kula muhogo mtu akaumwa na kichwa, akapata kizunguzungu, akatapika, akaishiwa nguvu au akapumua kwa shida, msingoje kukuche. Mpelekeni hospitali mara moja, na mwambieni daktari kwamba amekula muhogo. Mtoto hutangulia kudhurika, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na sahani yake mara nyingi ni sawa na ya mkubwa.

Hayo niliyoyasema juu ya muhogo yashikeni pia kwa mizizi mingine. Gimbi lisiloiva huwasha koo. Lipikwe mpaka lilainike kabisa. Ndiga wa porini, ambao watu wa kusini huula siku za njaa, ni sumu mpaka ulowekwe siku kadhaa na kubadilishiwa maji. Kila mzizi una sharti lake, na sharti hilo limo kichwani mwa watu wake.

Sasa neno kwa mabwana. Mara nyingi haraka haianzii jikoni, huanzia kwetu. Sisi ndio twaletao unga wa bei ndogo bila kuuliza umetoka wapi, kisha twakaa barazani twangoja sahani. Mkeo akikwambia udaga haujawa tayari mpaka kesho kutwa, usimwone mvivu. Siku zile tatu ndizo zilizosimama baina ya watoto wako na maradhi.

Na neno kwa mabanati na vijana. Msione haya kumwendea mama wa jirani, awe wa kabila lenu au la, awe wa dini yenu au siyo, mkamwambia: “Shikamoo, nifundishe.” Kuuliza hakumpunguzii mtu heshima. Katika miji yetu hii, ambamo unga hutoka mashineni na bibi yuko mbali kijijini, elimu ya maji na siku imeanza kukatika. Wako wasichana wajuao kuandika neno udaga na wasijue kuuvundika. Mkeketeni bibi kwa maswali angali hai. Na nyinyi kina mama mnaojua, msiwafiche wala msiwacheke wageni. Mgeni aliyekuja na mapishi ya kwao naye atakufundisheni tui la nazi, na mtaa mzima utakula vizuri.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie riziki zetu, atujaalie kuzijua, na atulindie watoto wetu. Wabillahi tawfiki.

Mwalimu wa chuo, Buzwagi